Mtu wa Nyuma ya Kijana: Malezi ya Balehe Nyeri na Mlima Kenya

Shule ya bweni inapochomwa moto au kufungwa ghafla katika miji inayouzunguka Mlima Kenya, mjadala unaofuata huwa na pande mbili. Upande mmoja hudai viboko virudishwe, upande wa pili hudai washauri waajiriwe. Pande hizi hushindana vikali, lakini zinakubaliana kwa jambo moja kubwa: kwamba tatizo limo ndani ya kijana, ama katika tabia yake ama katika akili yake, na kwamba linahitaji mtu wa kuja kulirekebisha likishatokea. Historia ya Nyeri, Karatina, Embu, Chuka na Meru inatupa njia nyingine ya kulitazama. Kwa vizazi vingi jamii za mlimani zilikuwa na cheo kilichowekwa mahsusi kwa ajili ya umri wa balehe: mtu asiye mzazi, anayejulikana kwa jina, aliyekabidhiwa kijana mmoja na kuwajibika kwake kabla hajapatwa na lolote. Katika karne ya 20 cheo hicho kilivunjwa hatua kwa hatua, na walichoachiwa vijana mahali pake ni kidogo mno. Hoja yangu ni kwamba pengo hilo linaeleza sehemu kubwa ya upweke wa vijana wa leo, na kwamba anayetaka kuwasaidia aanze kwa kujua ni nani aliyeondolewa.

Upweke wenyewe umeshapimwa. Uchunguzi wa kitaifa wa afya ya akili ya vijana wa miaka 10 hadi 17, ambao ripoti yake ilitoka 2022, ulikuta kwamba zaidi ya 4 kati ya 10 walikuwa na tatizo fulani la afya ya akili katika miezi 12 iliyotangulia, na kwamba karibu 1 kati ya 8 alitimiza vigezo vya ugonjwa kamili. Waliopata huduma yoyote walikuwa wachache. Takwimu hizo ni za Kenya nzima, na haziwahusu Wakikuyu au Wameru peke yao. Lakini eneo la Mlima Kenya lina faida moja kwa mtafiti, nayo ni kwamba malezi yake ya kale yaliandikwa kwa kina kuliko ya jamii nyingi za nchi hii. Jomo Kenyatta aliyaeleza katika *Facing Mount Kenya*, kitabu kilichochapishwa London 1938. Louis Leakey aliwahoji wazee mwishoni mwa miaka ya 1930, na majuzuu yake 3 makubwa yakachapishwa 1977. Kila mmoja ana mvuto wake. Kenyatta alikuwa akiutetea utamaduni mbele ya watawala waliotaka kuufuta, na Leakey alikuwa akipokea kumbukumbu za wazee waliokuwa wakiuona ulimwengu wao ukiondoka. Ni lazima kuwasoma kwa tahadhari wanaposifu. Lakini wanapoeleza nani alisimama wapi, nani alimlisha nani na nani alimuuguza nani, wanakubaliana vya kutosha kutupa msingi.

Tumtazame basi mtu huyo kazini. Wakikuyu walimwita mutiiri. Wazazi wa kijana walimtafuta kabla ya irua, yaani tohara, na walimchagua mtu mwenye sifa njema aliyekuwa amepita njia hiyo yeye mwenyewe. Siku ya kukatwa, alisimama nyuma ya kijana na kumshika mabegani. Kwa wasichana, Kenyatta anaeleza kwamba mwanamke msimamizi aliketi nyuma ya msichana na kuifunga miguu yake pamoja na ya msichana, mwili kwa mwili, ili aliyekuwa akiumia asiwe peke yake. Kisha zilifuata siku za kukaa faraghani. Mutiiri alikagua kidonda, alibadilisha majani ya dawa, aliangalia kijana amekula, na usiku alimfundisha mambo ambayo baba na mama hawakuruhusiwa kuyataja mbele ya mtoto wao: mwili, ashiki, hofu, deni, kifo, jinsi ya kukasirika bila kuua. Uhusiano huo haukuisha kidonda kilipopona. Waliheshimiana maisha yao yote kama mzazi na mwana, na kijana alipoingia matatani alikuwa na mlango wa pili wa kubisha hodi.

Zaidi ya mutiiri kulikuwa na rika. Waliotahiriwa msimu mmoja walipewa jina moja, na mara nyingi jina hilo lilitokana na jambo kubwa la mwaka ule, hata likiwa baya. Miaka ya ndui iliacha rika la Mutung'u. Funza walipoingia nchini, kuna rika lililoitwa Ndutu. Desturi hii haikukoma haraka: waliotahiriwa 1940 walikuja kujulikana kama Anake a Forty, na baadhi yao ndio waliotikisa siasa za Nairobi baada ya Vita Vikuu vya Pili. Napenda kukaa kidogo kwenye majina haya, kwa sababu yanaonyesha akili kubwa. Balaa lililowapata vijana katika umri wao mbichi halikuachwa limtafune kila mmoja kwa siri. Lilitangazwa, likafanywa jina la wote, na kila aliyelibeba alijua kwamba wako mamia wengine waliopitia mwaka uleule. Upande wa Meru, vijana waliotahiriwa walihamia gaaru, nyumba yao ya pamoja, wakaishi chini ya macho ya waliowatangulia kidogo kwa umri. Na chini ya yote haya kulikuwa na babu na bibi, guka na cucu. Kwa kuwa mtoto wa kwanza wa kiume hupewa jina la babu mzaa baba, na wa pili la babu mzaa mama, guka na mjukuu walitaniana kama wenzi, na msichana angeweza kumuuliza cucu yake swali ambalo hangethubutu kumuuliza mamake. Kijana mmoja, kwa hesabu hiyo, alikuwa na watu wazima wasiopungua watatu au wanne nje ya wazazi wake ambao desturi iliwalazimu kumsikiliza.

Hapa pingamizi la kwanza linajileta lenyewe, na ni zito. Mfumo huo ulikuwa na ukatili. Mvulana ambaye hajatahiriwa, kihii, alidharauliwa waziwazi, na neno hilo bado ni tusi linaloweza kuanzisha ngumi katika soko la Karatina. Wasichana walikatwa viungo vyao, wengine wakapata madhara ya kudumu, wengine wakafa. Aliyeonyesha woga alitiwa aibu, na familia yake pamoja naye. Hakuna hoja ya kihistoria inayoweza kuliosha jambo hilo, na ukeketaji umekatazwa na sheria ya Kenya ya 2011 kwa haki kabisa. Lakini kukubali ukatili huo hakutulazimu kukubali kwamba kisu na mtu aliyesimama nyuma vilikuwa kitu kimoja. Swali la mwanahistoria ni hili: karne ya 20 ilipoingia mlimani, ni kipi kati ya viwili hivyo kilichoondolewa kwanza? Kwa wavulana jibu liko wazi. Kisu kilibaki, akaondolewa mtu.

Kuondolewa kwake kulianza kwa nia njema. Wamisionari Waskoti walikuwa wamefika Tumutumu, karibu na Karatina, kufikia 1908, na Wakonsolata kutoka Italia walikuwa wameingia nchi ya Wakikuyu tangu 1902 na kuifanya Nyeri makao yao. Kwa wavulana wa Kikristo, tohara ilianza kufanywa na wauguzi wa hospitali za misheni, ikiwa safi na salama zaidi, bila ngoma na bila mafunzo ya usiku ambayo mapadri na wachungaji waliyaona machafu. Serikali nayo ilikuwa na haraka zake. Mwanahistoria Paul Ocobock, katika kitabu chake cha 2017 kuhusu ujana wa kiume nchini Kenya, anaonyesha jinsi maofisa na machifu wa upande wa Meru na Embu walivyosukuma tohara ifanyike mapema na kwa muda mfupi zaidi, kwa kuwa kijana aliyetahiriwa angeweza kutozwa kodi na kupelekwa kazini, na yule anayekaa faraghani kwa miezi hakuwa na faida kwa yeyote. Lynn Thomas, aliyeitafiti Meru, anaeleza kwamba maofisa wa huko waliamuru hata wasichana wakatwe mapema, kabla ya kubalehe, wakitumaini kupunguza utoaji mimba miongoni mwa wasichana ambao hawajaingia rika. Katika hali zote hizi kitendo cha mwili kilihifadhiwa au hata kuharakishwa, na muda wa malezi ndio uliopunguzwa. Serikali ilihitaji watu wazima. Haikuwa na haja na njia ya kuufikia utu uzima.

Mwaka 1929 mgogoro ulilipuka. Misheni za Waskoti zilipowataka waumini na walimu wao waape kuacha tohara ya wanawake, maelfu waliondoka makanisani na madarasani, na kutoka katika mpasuko huo zikazaliwa shule huru za Wakikuyu, baadhi zikiwa Nyeri. Mgogoro huu husimuliwa kama vita vya utamaduni dhidi ya ustaarabu, au kama hatua ya siasa za uhuru, na yote mawili ni kweli. Lakini wazazi waliotoka hawakuacha kutaka elimu. Walijenga madarasa kwa mikono yao wenyewe ili watoto wasome bila kukatwa kutoka kwa rika lao. Huo ulikuwa mpango wa malezi, wa kwanza katika eneo hili uliojaribu kuviweka kitabu na rika chini ya paa moja, na ulidumu takriban miaka 20. Hali ya Hatari ilipotangazwa Oktoba 1952 ili kuuzima uasi wa Mau Mau, serikali ilizifunga shule hizo.

Miaka iliyofuata ndiyo iliyovunja kilichobaki. Kufikia mwisho wa 1954 watu zaidi ya 70,000 walikuwa kizuizini, wengi wao wanaume. Kuanzia mwaka huo hadi mwaka uliofuata, zaidi ya watu 1,000,000 wa jamii za Wakikuyu, Waembu na Wameru walihamishwa kutoka migongo ya vilima vyao na kuingizwa katika vijiji zaidi ya 800 vilivyozungushiwa ua na handaki. Mtu akitaka kujua kilichotokea kwa mutiiri, aifikirie ramani ya kijiji hicho. Mji wa kale ulikuwa na nyumba ya kila mke, na thingira, nyumba ya mwanamume mkuu wa mji, ambako wavulana walikaa jioni karibu na moto kuwasikiliza wazee. Katika kijiji cha Hali ya Hatari kulikuwa na mistari ya vibanda, wanawake na watoto ndani yake, amri ya kutotoka usiku, na kazi za kulazimishwa mchana. Thingira haikuwa na mahali, na wenye thingira walikuwa msituni, kambini au makaburini. Mtoto aliyekuwa na miaka 12 mwaka 1954 aliivuka balehe yake yote bila jioni moja ya aina hiyo. Ardhi ilipounganishwa na kugawanywa upya, kila familia ikajenga nyumba yake kwenye shamba lake, na nyumba zile mpya zilikuwa na sebule. Sebule ni ya wageni na ya wazazi. Kijana hakuwekewa pahali pake.

Anayefuatilia hoja hii atakumbuka kwamba imewahi kutolewa, na kwa ubaya. Mwaka 1954 serikali ya kikoloni ilichapisha kitabu kidogo cha J. C. Carothers, daktari aliyewahi kuongoza hospitali ya Mathari ya Nairobi, kilichodai kwamba Mau Mau ilitokana na wahaka wa Wakikuyu waliopoteza mila zao kabla hawajaupata usasa. Ikiwa ninasema kwamba kupotea kwa desturi kumewaumiza vijana, je, sirudii maneno ya Carothers? Nadhani tofauti ni kubwa. Carothers aliichukua saikolojia akaifunika nayo ardhi iliyoporwa. Alimfanya mwenye madai halali aonekane mgonjwa, na dawa aliyoiunga mkono ilikuwa vijiji vilevile vilivyowatenganisha watoto na wazee wao. Mimi ninasema kwamba wahaka una watendaji wanaojulikana: waliolazimisha umri ushuke, waliofunga shule, waliobomoa miji. Mila hazikupotea kwa sababu akili ya Mwafrika ilishindwa na usasa. Zilinyang'anywa watu waliozibeba.

Ushahidi mkubwa kuliko wote unatoka kwa wasichana wa Meru, na unastahili nafasi yake hapa kwa sababu vijana wenyewe ndio waliotenda. Aprili 1956 baraza la wazee la Njuri Ncheke, likisukumwa na utawala, lilipiga marufuku tohara ya wasichana. Lynn Thomas amekusanya masimulizi ya kilichofuata. Wasichana wa balehe walinunua nyembe madukani, wakaenda vichakani kwa vikundi, wakakatana wenyewe kwa wenyewe. Watu wakawaita Ngaitana, yaani nitajitahiri mwenyewe. Katika miaka 3 iliyofuata watu zaidi ya 2,400 walishtakiwa, wasichana pamoja na mama zao na baba zao. Ni rahisi kulisoma tukio hili kama ujinga, au kama uasi dhidi ya mkoloni. Tukiwasikiliza walioeleza sababu zao, tunasikia kitu kingine pia: marufuku yalikifuta kisu, lakini hayakusema msichana ataingiaje katika kundi la wenzake, nani atamfundisha, nani atamkaribisha anaporudi nyumbani akiwa mwanamke. Wasichana hao walilipa kwa damu yao ili wapate rika. Wangepewa rika bila wembe, sina sababu ya kuamini kwamba wangeukimbilia wembe. Na jambo hilo lilikuja kujaribiwa. Mwaka 1996, huko Tharaka, akina mama wa chama cha Maendeleo ya Wanawake na washirika wao walianzisha Ntanira na Mugambo, tohara ya maneno: wiki ya faragha, mafunzo, msimamizi mwanamke kwa kila msichana, sherehe ya kutoka, bila kukatwa. Mamia kisha maelfu ya wasichana walipita humo. Umbo lote la zamani lilihifadhiwa isipokuwa jeraha, na jamii ililipokea kama jambo lenye uzito wake.

Kwa wavulana, urithi wa rika ulihamia shule ya bweni. Nyeri ina shule za namna hiyo zenye sifa tangu enzi za ukoloni: Nyeri High ya Wakonsolata, iliyoanza 1924, na Kagumo, iliyofunguliwa 1933. Bweni lilichukua umri uleule wa irua, likawatenga vijana na nyumbani kama faragha ilivyofanya, likawapanga kwa madarasa kama marika. Lakini cheo cha mutiiri halikukirithi. Mahali pake liliweka kiranja. Tofauti kati ya wawili hao ndiyo kiini cha makala hii. Mutiiri alipewa kijana mmoja, au wachache, na aliwajibika kwa wazazi wao. Kiranja hupewa wengi, na anawajibika kwa uongozi wa shule. Mutiiri alisimama nyuma ya kijana, kiranja husimama mbele yake. Kazi ya kiranja ni kuona makosa, na kijana wa miaka 17 aliyepewa kuona makosa ya wenzake wa miaka 17 amewekwa katika upweke mkali kuliko wao. Mei 1999, katika Nyeri High hiyohiyo, wanafunzi waliwafungia viranja 4 chumbani mwao usiku, wakawamwagia petroli na kuwachoma. Wote 4 walikufa. Miaka 8 kabla yake, usiku wa Julai 13, 1991, wavulana wa shule ya St. Kizito huko Meru walivamia bweni la wasichana wenzao. Wasichana 19 walikufa na 71 walibakwa. Siwezi kusema kwamba kukosekana kwa msimamizi ndiko kulikosababisha maovu hayo. Waliotenda walitenda, na wengi waliolelewa katika pengo lilelile hawakumdhuru mtu. Ninachoweza kusema ni kwamba katika visa vyote viwili hasira iliiva miongoni mwa vijana, na hakukuwa na mtu mzima hata mmoja ambaye wajibu wake ulikuwa kuijua mapema.

Serikali haikukaa kimya. Kitengo cha ushauri nasaha kiliundwa katika Wizara ya Elimu mapema miaka ya 1970, na ripoti ya tume ya Gachathi ya 1976 ikasisitiza huduma hiyo mashuleni. Mwaka 2001, mwaka ambao wavulana 67 waliteketea katika shule ya Kyanguli huko Machakos, viboko vilipigwa marufuku na jopo lililoongozwa na Naomi Wangai likapendekeza tena kwamba ushauri uimarishwe. Mapendekezo hayo yote yamezaa mwalimu wa ushauri: mwalimu wa Kemia au wa Historia, mwenye vipindi vyake vyote vya kawaida, aliyepewa ufunguo wa chumba kidogo na shule nzima ya kusikiliza. Mwanafunzi anayetaka kumwona anajua kwamba mwalimu huyohuyo huenda akakaa katika kamati ya nidhamu Jumatatu. Moto wa shule ya Hillside Endarasha wa Septemba 2024, uliowaua watoto 21 katika eneo la Kieni, Nyeri, si ushahidi wa hoja yangu, kwa kuwa waliokufa walikuwa watoto wa shule ya msingi. Lakini washauri walifika pale, wakiletwa na Msalaba Mwekundu na wengine, wakafanya kazi ya huruma kubwa. Walifika baada ya maiti. Mfumo wetu wote umejengwa kwa saa hiyo.

Daktari wa akili atapinga hapa, na atakuwa na haki. Atasema kwamba sonona kali, skizofrenia na mawazo ya kujiua ni magonjwa, kwamba hakuna mzee wala kaka wa rika anayeweza kuyatibu, na kwamba maneno ya mila yamewachelewesha wengi kufika hospitalini. Nakubaliana naye kabisa. Hata uamuzi wa Mahakama Kuu wa Januari 2025, kwamba kumshtaki aliyejaribu kujiua ni kinyume cha Katiba, ulisimama juu ya ukweli huo kwamba mgonjwa anahitaji tiba. Lakini takwimu nilizotaja mwanzoni zina tabaka mbili. Karibu 1 kati ya 8 ana ugonjwa, na huyo apelekwe kwa daktari. Kundi lililo kubwa kuliko hilo lina mateso ambayo bado hayajawa ugonjwa: hofu ya mtihani, kufiwa, baba mlevi, mapenzi yaliyovunjika, aibu ya karo. Hao ndio mutiiri aliwekwa kwa ajili yao. Na hata yule mgonjwa anahitaji mtu wa kugundua kwamba ameacha kula. Katika bweni la wavulana 150, jambo hilo huonwa na wavulana wenzake, ambao hawajui wamwambie nani.

Pingamizi jingine linatoka mlimani kwenyewe, na mzazi yeyote wa Murang'a au Kirinyaga atalitoa. Msimamizi wa tohara wa siku hizi mara nyingi ni kijana mhuni. Kila Desemba zinasikika habari za wavulana waliopelekwa kutahiriwa wakapigwa, wakanyweshwa pombe, wakalazimishwa kununulia kundi nyama na bangi kwa jina la mila. Ni kweli, na wanaofanya hivyo wanastahili kushtakiwa. Lakini hali hiyo inaonyesha kinachotokea cheo kinapobaki bila mtu wa kukisimamia. Zamani mutiiri alichaguliwa na wazazi, alijulikana kwa wazee, na sifa yake yote ilikuwa rehani kwa kijana huyo. Leo mara nyingi anajichagua mwenyewe, na baada ya wiki mbili hamjui tena aliyemsimamia. Makanisa mengi ya Nyeri, ya Presbiteri, Anglikana na Katoliki, yameliona hilo, yakaanzisha faragha zao za Desemba: hospitali asubuhi, mafunzo mchana, wazee wa kanisa kama wasimamizi. Nayaheshimu sana. Mapungufu yake ni mawili. Yanaisha mvulana anaporudi nyumbani, ilhali kazi yenyewe ilikuwa inaanza hapo. Na dada yake, ambaye hatahiriwi na hapaswi kutahiriwa, katika parokia nyingi hapewi chochote, kana kwamba balehe ni ya wavulana.

Basi kinachotakiwa kina umbo linalojulikana: mtu mmoja kwa vijana wachache, aliyewazidi umri kidogo tu, anayeteuliwa na watu wanaomjua, asiyetoa adhabu, na ambaye kazi yake inaanza kabla ya tatizo. Je, kuna ushahidi wa kisasa kwamba jambo hilo linasaidia, au ni hamu ya kale tu? Upo. Mkenya Tom Osborn na wenzake waliunda mpango walioupa jina Shamiri. Vijana wasio wataalamu, waliofunzwa kwa muda mfupi, walikutana na wanafunzi wa sekondari kwa vikundi vidogo mara moja kwa wiki kwa wiki 4, wakazungumza juu ya kukua, shukrani na mambo wanayoyathamini. Hawakutaja ugonjwa wa akili, ili kuikwepa aibu yake. Jaribio lao la wanafunzi 413, lililochapishwa 2021 katika jarida la *JAMA Psychiatry*, lilikuta dalili za sonona na wahaka zimepungua kuliko katika kundi lililofundishwa mbinu za kusoma, na tofauti hiyo ilionekana hata baada ya miezi 7. Hawakuwa wakijaribu kumfufua mutiiri. Walifika kwake kwa njia ya takwimu.

Atakayeuliza watu hao watatoka wapi Nyeri, na kwa fedha gani, aangalie kalenda ya elimu. Mtihani wa kumaliza sekondari, KCSE, huisha Novemba, na vyuo vikuu hupokea wanafunzi wapya Agosti au Septemba inayofuata. Kwa miezi hiyo 9, Othaya, Mukurwe-ini, Karatina, Chuka na Embu zina maelfu ya wasichana na wavulana wa miaka 18 na 19 waliotoka bwenini juzi, wanaokumbuka kila kona ya hofu ile, na ambao wazazi wao hawajui wawape kazi gani. Shule ya wanafunzi 800 ingehitaji 80 wao ili kila mmoja awe na 10, saa moja kwa wiki, chini ya mwalimu wa ushauri aliyepunguziwa vipindi ili awafunze na kuwasimamia badala ya kuwasikiliza watu 800 peke yake. Wachaguliwe na kamati ya wazazi, kanisa au msikiti unaowafahamu, na chifu wa mahali, kama mutiiri alivyochaguliwa, ili ajulikane anayejibu kwa niaba yao mambo yakiharibika. Wasichana wawe na wao tangu siku ya kwanza. Na wakiondoka Septemba kwenda vyuoni, wanaowafuata watakuwa darasani tayari, kidato cha 4, wakijua kutokana na walichopokea kazi hiyo inafanywaje.